Mikimbio Tisa ya Brett Lee

Mashabiki wa kriketi wakikaa kuunda kikosi bora cha Australia cha mechi za siku moja, jina la Glenn McGrath huandikwa kwanza na hakuna anayebisha. La Brett Lee, mrushaji mwenzake wa mpira, huja baadaye, na likija huja na "lakini". Alikuwa na kasi ya ajabu, lakini. Alikuwa raha kumtazama, lakini. Kinachofuata hapo karibu kila mara ni tarakimu moja: 4.76. Hiyo ndiyo mikimbio, yaani pointi za wapigaji, aliyotoa kwa kila ova ya mipira sita katika mechi zake 221 za kimataifa za siku moja, kuanzia Januari 2000 hadi Julai 2012. McGrath alitoa 3.88. Zidisha kwa ova kumi ambazo mrushaji mmoja anaruhusiwa katika mechi, na tofauti yao inakuwa mikimbio tisa hivi. Wanaomponda Lee wanauliza: ni mechi ngapi zimeamuliwa kwa chini ya mikimbio tisa?

Swali ni halali. Nimelisikia mara nyingi kiasi cha kuanza kuamini kwamba ndilo swali pekee watu wanalomuuliza huyu jamaa, na hapo ndipo ninapopata shida nalo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunamkumbuka kwa sababu yetu wenyewe. Machi 15, 2003, Durban, hatua ya Super Six, ya timu sita, ya Kombe la Dunia. Kenya, iliyokuwa imeifunga Sri Lanka jijini Nairobi na kuiacha dunia ya kriketi mdomo wazi, ilikuwa ikipiga dhidi ya mabingwa watetezi. Mechi haijachangamka hata kidogo, ova za mwanzo kabisa. Mpira wa Lee ukamgonga Kennedy Otieno kwenye kiwiko, ukadondoka, ukajiviringisha hadi kwenye vijiti. Maumivu juu, na wiketi imekwenda, yaani mpigaji ametolewa. Akaingia Brijal Patel: mpira ukagusa ukingo wa gongo na kuishia mikononi mwa Ricky Ponting, nahodha wa Australia, aliyesimama nyuma. Akaingia David Obuya, mdogo wake Otieno. Huyu alipewa mpira wa miguuni, ule unaotua kwenye vidole vya mpigaji, na vijiti vikaruka. Mipira mitatu, wiketi tatu, ndugu wawili wa familia moja wakiwa miongoni mwa waliotolewa. Ubao ulisomeka mikimbio mitatu kwa wiketi tatu. Hakuna Mwaustralia aliyekuwa amewahi kufanya hivyo katika Kombe la Dunia.

Na bado mchezaji bora wa mechi hiyo hakuwa Lee. Alikuwa Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mzee wa miaka 39 aliyekuwa ameshastaafu mpaka walipomrudisha kikosini. Kwa mipira yake ya taratibu ya mkono wa kushoto aliwarushia mabingwa wa dunia ova 8 na mipira miwili. Ova sita kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Akatoa mikimbio 7 kwa jumla, akachukua wiketi tatu, ya Ponting ikiwemo. Australia ilishinda kwa wiketi tano, ila ilivuja jasho kuufikia mlima wa mikimbio 175 ambao kwa kawaida wangeupanda huku wakipiga soga.

Nani angemnyima Karim tuzo ile? Mimi siwezi. Ninachotaka msomaji akione ni kitu kingine. Siku hiyo hiyo, Lee alirusha ova nane na kutoa mikimbio 14 tu. Huyu ndiye anayeitwa ghali. Hakuna anayeikumbuka hiyo 14, kwa sababu sifa ikishamganda mtu, yanayoipinga hayahesabiwi.

Sasa tuwape wakosoaji nafasi yao, maana wana zaidi ya ile 4.76.

Wana Johannesburg, Machi 2006. Australia ilipiga mikimbio 434, jumla ambayo haikuwahi kufikiwa katika mechi ya siku moja hadi siku ile, na Afrika Kusini ikaifuata na kuipita. Mechi ilifika ova ya mwisho, mikimbio saba ikihitajika, na mpira akapewa Lee. Andrew Hall akampiga nne, kisha akadakwa. Wakabaki wapigaji wa mwisho kabisa. Makhaya Ntini akapata mmoja, halafu Mark Boucher akamaliza kazi kwa nne nyingine na mpira mmoja bado haujarushwa. Ukimlaumu Lee kwa hilo utakuwa umesahau kwamba Mick Lewis alitoa mikimbio 113 katika ova zake kumi siku ileile. Hata hivyo picha iliyobaki ni ya Boucher akishangilia, na mrushaji aliyekuwa na mpira wa mwisho ni Lee.

Wana pia majeraha. Mgongo, kiwiko, kifundo cha mguu, ubavu, msuli wa kigimbi: mwili wake ulikuwa ukimdai kila baada ya msimu. Februari 2007 aliumia kifundo mazoezini huko Wellington na kulikosa Kombe la Dunia la mwaka huo katika visiwa vya Karibi. Na hapa wakosoaji hutabasamu, kwa sababu Australia haikuonekana kumhitaji. Ilicheza mechi 11 na kushinda zote 11. McGrath, akiwa na miaka 37, alichukua wiketi 26 na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Shaun Tait, kijana aliyerusha kwa kasi ileile ya Lee, alichukua 23. Kama nafasi ya mtu inazibwa kirahisi hivyo, wanauliza, huyo mtu alikuwa na thamani gani?

Kuna na ile mipira ya kichwani ya mwaka 2005, iliyomtoka bila kudunda chini na kuwapita wapigaji juu ya kiuno. Aliomba radhi kila mara, watu wakachoka kuamini. Kuna na tuhuma ya mwaka 2000 kwamba mkono wake ulikuwa ukijikunja wakati wa kurusha. Ilichunguzwa akasafishwa, sina la kuongeza.

Lakini hoja yao nzito kuliko zote ni ile ambayo haitajwi sana: kwamba Lee aliishi kwenye kivuli kizuri. Upande mmoja wa uwanja alikuwepo McGrath, ambaye hakumpa mpigaji hata pumzi. Mpigaji aliyekaa ova nne bila mikimbio kwa McGrath anapofika kwa Lee amekwishakata tamaa ya kusubiri. Anarusha gongo, anatoka. Wiketi inaandikwa kwa Lee, kazi imefanywa na mwenzake. Machi 11, 2003, Port Elizabeth, siku nne kabla ya mechi ya Kenya, inaonekana kuthibitisha hilo. Australia ilikuwa imebanwa na Shane Bond aliyechukua wiketi sita kwa mikimbio 23, ikaokolewa na Michael Bevan na Andy Bichel, ikamaliza na 208. New Zealand walitoka wote kwa 112. Lee alichukua wiketi tano kwa mikimbio 42. Ila aliyevunja mwanzo wa New Zealand alikuwa McGrath, kwa wiketi tatu; Lee alikuja kufagia waliobaki.

Hoja ya kivuli inapimika kwa njia rahisi: ondoa kivuli uone kilichobaki. McGrath alistaafu Aprili 2007, baada ya fainali ya Barbados. Lee alikuwa bado hajafikisha wiketi 300. Alipozifikisha, alikuwa amecheza mechi 171, na hakuna mrushaji yeyote, wa kasi au wa kuzungusha, aliyefika hapo kwa mechi chache zaidi. Waqar Younis wa Pakistan alihitaji 186, McGrath mwenyewe 200. Kutoka hapo aliongeza nyingine 80 katika mechi 50. Hizo zote zilikuja bila McGrath upande wa pili, nyingi zikija wakati Australia imeshaanza kushuka kutoka kileleni na Lee mwenyewe ameingia miaka ya thelathini. Septemba 2009, baada ya kukosa mfululizo mzima wa Ashes, mechi za siku tano za Australia na Uingereza, kwa jeraha la ubavu, alisimama uwanja wa Lord's, London, na kuchukua wiketi tano kwa mikimbio 49 dhidi ya Uingereza. Kivuli cha nani hapo?

Turudi kwenye mikimbio tisa, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Tarakimu ya mikimbio kwa ova ina kasoro moja kubwa: inakwambia bei bila kukwambia uzito. Ukienda dukani kununua sukari huulizi bei tu, unauliza na mfuko ni kilo ngapi. Lee alipata wiketi moja kwa kila mipira 29.4. McGrath alipata moja kwa kila mipira 34. Ukigawa mikimbio kwa wiketi, Lee alilipa 23.36 kwa kila aliyemtoa, McGrath 22.02. Ile tofauti ya mikimbio tisa kwa mechi, ukiipima kwa kile kilichonunuliwa, inakuwa mkimbio mmoja na theluthi kwa kila wiketi. Hapo mjadala unabadilika sura.

Haubadiliki wote, lakini. Mpinzani makini atachukua kalamu yake pia. Atasema: kwa ova kumi kamili kila mechi, Lee anakupa wiketi moja ya ziada katika kila mechi nne. Katika mechi hizo nne ametoa mikimbio 35 zaidi ya McGrath. Kwa hiyo ile wiketi ya ziada umeinunua kwa mikimbio 35, na 35 ni bei mbaya. Hesabu hiyo ni sahihi. Nimeipindua mara kadhaa nikitafuta tundu, sikuliona. Kwa tarakimu tupu, mtu kwa mtu, McGrath yuko mbele.

Ninachokataa ni kwamba hilo ndilo pambano lililopaswa kuandaliwa. McGrath ni mrushaji ambaye karibu kila mtu akiwekwa kando yake anaonekana ghali. Alikuwa na urefu, alikuwa na subira, na alitua mpira mahali pamoja siku nzima kama aliyepewa kiapo. Lee alikuwa wa kabila jingine la warushaji: wale wa kilomita 150 kwa saa na zaidi, ambao mpira wao unamfikia mpigaji chini ya nusu sekunde. Yeye binafsi aliwahi kupimwa kilomita 161.1 kwa saa huko Napier, Machi 2005. Kabila hilo lina gharama zake za asili. Mpira wa kasi ukigusa tu ukingo wa gongo, unakimbilia mpakani nyuma ya wiketi bila mpigaji kutaka, na katika mechi za siku moja nahodha hawezi kuwaacha wadakaji wote wamesimama nyuma muda wote. Mikimbio minne inaandikwa, mrushaji anatikisa kichwa, na mwisho wa mwaka tarakimu inasema ni ghali. Nusu ya mipira hiyo ingekuwa wiketi kwenye mechi ya siku tano, ambako wadakaji wanne husimama pale pale.

Basi mlinganishe na kabila lake. Waqar Younis: wiketi moja kwa mipira 30.5, mikimbio 4.68 kwa ova, wastani wa 23.84. Shoaib Akhtar: mipira 31.4, mikimbio 4.76 kwa ova, wastani wa 24.97. Lee: 29.4, 4.76, 23.36. Soma tena hiyo mistari mitatu. Shoaib alitoa mikimbio ileile kwa ova, hadi kwenye nukta, na alihitaji mipira miwili zaidi kwa kila wiketi. Waqar, ambaye kwa mashabiki wengi ni mfalme wa mpira wa miguuni na wa ova za mwisho, alikuwa nafuu kwa chini ya mkimbio mmoja katika ova kumi na alikuwa mzito kidogo kupata wiketi. Umewahi kumsikia mtu akisema Waqar alikuwa mzuri "lakini ghali"? Mimi sijawahi. Anasifiwa kama mwangamizi, na anastahili. Lee mwenye tarakimu zilezile, tena bora kidogo, anaombewa msamaha.

Sababu naiona wazi. Waqar alikuwa na Wasim Akram, Mpakistani mwenzake, upande wa pili, na dunia ilikubali kuwaona kama jozi. Lee alikuwa na McGrath, na dunia ikaamua kuwaona kama mwalimu na mwanafunzi mtundu. Ongeza na rekodi yake ya mechi za siku tano, wiketi 310 kwa wastani wa 30.81, ambayo kwa Mwaustralia wa zama zile ni ya kawaida. Watu wengi walimhukumu Lee wa mavazi ya njano, wa siku moja, kwa makosa ya Lee wa mavazi meupe, wa siku tano. Picha yake iliyosambaa kuliko zote ni ya Edgbaston 2005, amechuchumaa kwenye nyasi baada ya Australia kushindwa kwa mikimbio miwili, Andrew Flintoff amemwinamia na kumpa mkono. Picha nzuri ya kiungwana. Ila ni mechi ya siku tano, na ni picha ya mtu aliyeshindwa.

Walioteua vikosi waliujua utofauti huo mapema. Kuanzia mwanzoni mwa 2004 hadi Julai 2005 Lee hakucheza hata mechi moja ya Test, yaani ya siku tano, mwaka mmoja na nusu wa kubeba maji tu. Kwenye kikosi cha siku moja hakuachwa. Wateuzi walewale, mrushaji yuleyule, maamuzi mawili. Mechi ya siku tano inamlipa anayejua kusubiri. Mechi ya siku moja humbana mpigaji kwa muda, lazima acheze, na mpigaji anayelazimika kucheza mpira wa kilomita 150 ndiye riziki ya mtu kama Lee. Wastani wake unashuka kutoka 30.81 hadi 23.36, zaidi ya mikimbio saba kwa wiketi. Huyo ni mrushaji aliyepata mchezo wake.

Nitaje na wakati wenyewe. Lee alianza mwaka 2000, akamaliza 2012. Katikati hapo mwaka 2005 zikaja sheria mpya za powerplay, zilizoongeza ova ambazo wadakaji wanabanwa karibu na wiketi. Zikaja mechi za ova 20 na wapigaji waliojifunza kupiga kila mpira. Oktoba 2011 ikaja sheria ya mipira miwili mipya, mmoja kila upande, iliyoua ule mpira mkuukuu unaopinda mwishoni mwa mchezo, silaha ya wote waliorusha kama Waqar na Lee. McGrath alianza 1993, na mikimbio yake mingi aliitoa katika dunia ambayo jumla ya 240 ilikuwa ushindi. Leo Mitchell Starc, mrushaji wa Australia wa mkono wa kushoto, anatoa zaidi ya mikimbio mitano kwa ova katika mechi za siku moja, na anaitwa mmoja wa wakubwa wa zama zote. Naungana na wanaomwita hivyo. Nashangaa tu kwamba kipimo alichopewa Starc hakikurudishwa nyuma miaka kumi kumfikia Lee.

Kuhusu Kombe la Dunia la 2007, nakubali nusu. Australia ilishinda bila yeye, ni kweli. Lakini angalia nani alichukua nafasi yake na kwa namna gani. Tait alipewa kazi ileile ya Lee: toa mikimbio ikibidi, leta wiketi. Kama mfumo ungekuwa unaweza kuishi bila mrushaji wa aina hiyo, Ponting angechagua mwingine wa kubana. Alichagua wa kasi. Nafasi ilikuwepo kwa sababu Lee alikuwa ameithibitisha miaka minne kabla, huko Afrika Kusini, alipochukua wiketi 22 kwa wastani wa 17.90, katika mashindano yote yale ni Chaminda Vaas wa Sri Lanka pekee aliyempita, kwa wiketi moja.

Na ndani ya hizo 22 kuna nusu fainali ambayo napenda kuwarudishia wale wa mikimbio tisa. Machi 18, 2003, Port Elizabeth tena, uwanja mzito, mpira hauji kwenye gongo. Australia imejikongoja hadi 212, na hata hiyo ni kwa sababu Andrew Symonds alikaa mpaka mwisho na 91. Sri Lanka ina Sanath Jayasuriya, ina Marvan Atapattu, ina Aravinda de Silva. Jumla kama hiyo unaweza kuitetea kwa njia mbili: kubana na kuomba Mungu, au kutoa watu mapema. Lee alimwangushia Atapattu vijiti kwa mpira uliokaribia kilomita 160 kwa saa, akaongeza wengine wawili, na Sri Lanka haikuinuka tena. Mvua ilipokuja walikuwa 123 kwa wiketi saba. Alitoa mikimbio 35. Kwa ova alizorusha, hiyo ni zaidi ya minne kwa ova, kwenye uwanja ambao kila mtu alihangaika kufunga. Ukiisoma kwenye karatasi pekee utasema alikuwa ghali siku ile. Uliza yeyote aliyekuwa kwenye benchi la Sri Lanka.

Mechi za ova 20 za kimataifa hazimsaidii sana wala hazimwangushi: mechi 25, wiketi 28. Zimebaki na jambo moja la kihistoria, Cape Town, Septemba 2007, alipowatoa Shakib Al Hasan, Mashrafe Mortaza na Alok Kapali wa Bangladesh kwa mipira mitatu mfululizo, mara ya kwanza kutokea katika kriketi ya kimataifa ya aina hiyo. Klabuni alifanya zaidi. Mwaka 2009 aliibeba New South Wales hadi ubingwa wa Champions League ya klabu za kriketi kule India, akapiga mikimbio 48 katika fainali ya Hyderabad, kisha akachukua wiketi mbili kwa mikimbio kumi. Mwaka 2012 alikuwemo kwenye kikosi cha Kolkata kilichotwaa IPL, ligi ya India ya ova 20.

Kombe lake la mwisho la Dunia lilikuwa 2011. Miaka 34, mwili umeshonwa na kushonwa upya. Kundini, Collins Obuya, ndugu wa wale wawili wa Durban, aliipigia Kenya mikimbio 98 bila kutoka dhidi ya Australia kule Bengaluru, na Lee alikuwemo uwanjani. Familia ile ililipa deni lake. Dhidi ya Pakistan, Colombo, Lee alichukua wiketi nne kwa mikimbio 28 katika mechi ambayo Australia ilipoteza. Kwenye robo fainali na India, Ahmedabad, alijitupa mpakani kuzuia mpira, akapasuka karibu na jicho, akatoka kufungwa plasta, akarudi kurusha. Alimtoa Mahendra Singh Dhoni kwa mikimbio saba na kwa dakika chache ikaonekana kama Australia ingeponyoka. Haikuponyoka. Yuvraj Singh alimpiga Lee huyohuyo nne ya ushindi. Ndivyo ilivyo kwa warushaji wanaopewa mpira pale mambo yanapoamuliwa: jina lao linakuwepo kwenye picha za ushindi na za msiba pia. Wengine hawamo kwenye picha za msiba kwa sababu hawakuitwa.

Kwa hiyo hukumu yangu, kama bado haijajulikana: kwa mechi mia moja nitamchukua McGrath, na sitafikiri mara mbili. Kwa mechi moja ya mtoano, nina mikimbio 212 ya kutetea na wapigaji bora wa upande wa pili ndio wanaingia, mpira mpya naupeleka kwa Lee, na mikimbio tisa nitaitafuta kwingine. Kocha mwenye akili angewachukua wote wawili, na Australia ndivyo ilivyofanya kwa miaka saba.

Lee aliondoka vibaya kidogo. Julai 7, 2012, Chester-le-Street, dhidi ya Uingereza, msuli wa kigimbi ukamkatikia katikati ya kazi, akatoka uwanjani. Siku sita baadaye alitangaza kustaafu akiwa na wiketi 380 za mechi za siku moja. Rekodi ya McGrath inasomeka 381, na tangu hapo husemwa kwamba Lee alikwama wiketi moja chini yake. Ila moja ya zile 381 McGrath aliipata akiwa na jezi ya Kikosi cha Dunia, katika mechi ya hisani ya Januari 2005 mjini Melbourne ya kuchangia waathirika wa tsunami. Kwa Australia, McGrath ana 380 katika mechi 249. Lee ana 380 katika mechi 221.